Nchi Iliyokwama Ukurasa wa Tisa

Iko nchi moja, msiniulize iko wapi. Anayeijua hana haja ya kuuliza, na asiyeijua na amshukuru Mungu wake. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina wizara nyingi kuliko mito, na ina Kiongozi mmoja ambaye jina lake halitajwi bila kusimama. Kwa hiyo sisi wenye magoti mabovu tunamwita Mlezi tu, tukiwa tumekaa.

Katika nchi hiyo ipo desturi ya kale, iliyoanzishwa juzijuzi, kwamba hakuna kumtangulia Mlezi. Hakuna anayekaa kabla yake, hakuna anayenawa mikono kabla yake, na akipiga chafya hadharani, kila aliyekuwa ameianza ya kwake sharti aimeze. Tumezoea. Nami sisemi kwamba ni vibaya. Mimi nasimulia.

Basi Wizara ya Usomaji, Utulivu na Masuala Yanayofanana ikatangaza Tamasha la Taifa Zima Kusoma Riwaya Moja. Waziri wake, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Kombora Litunu, alitokea kwenye televisheni akiwa ameshika kitabu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa kinyonga.

"Ndugu wananchi," akasema, "utafiti umebaini kwamba watu wetu wanasoma vitabu tofautitofauti. Huyu anasoma hiki, yule anasoma kile, wakikutana wanabishana. Serikali yenu sikivu haiwezi kukaa kimya huku taifa likigawanywa na maktaba. Kuanzia sasa tutasoma riwaya moja, kwa pamoja, kwa mpangilio, na tutaielewa kwa namna moja."

Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Nikakaa wima, maana mimi nina riwaya. Inaitwa Dhoruba ya Wanyonge, Kitabu cha Kwanza. Nimeiandika mwenyewe, mimi Ngwali ambaye shule niliiona kwa nje. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungia vitumbua, na mpaka leo habari isiyo na doa la mafuta siiamini sawasawa.

"Na riwaya hiyo," Waziri akamalizia, "ni Mkunga wa Bonde la Matete, ya Bi Siwatu Mng'anzi!"

Kinyozi akanitazama kwenye kioo. "Siwatu? Si yule mliyekuwa naye kiwandani?"

"Simkumbuki."

"Mbona umepauka ghafla, mzee?"

"Umenikata sikio."

"Mashine nimeizima tangu Waziri aanze kusema."

Namkumbuka. Namkumbuka kuliko ninavyoikumbuka sura ya mama yangu. Mwaka wa mgomo wa kiwanda cha nguo, mimi ndiye niliyepanda juu ya pipa nikahutubia tangu asubuhi, nikahutubia mpaka wenzangu wakaanza kuitamani kazi. Siwatu alikuwa karani wa ghala. Alichukua kipande cha boksi, akaandika mistari mitatu, akakibandika getini. Wazee wa kiwanda wakikutana leo wanaisema ile mistari mitatu na macho yanawalenga machozi. Katika hotuba yangu wanachokumbuka ni pipa.

Watu wa ndani ya Wizara walininong'oneza kwamba kamati haikukisoma hicho kitabu. Ilikichagua kwa sababu jalada lake lina kijani kilekile cha bendera ya chama. Riwaya yangu haina jalada. Niliitoa kwenye mashine ya kurudufu nikaishona kwa uzi wa viatu. Nilipoona haisomwi, niliipeleka serikalini kwa mkono wangu, nikaomba ipigwe marufuku, maana kupigwa marufuku nako ni kusomwa na mtu mmoja angalau. Wakanirudishia. Walisema orodha ya marufuku imejaa, nijaribu mwakani.

*

Tamasha lilifunguliwa uwanja wa taifa. Siwatu alikalishwa kwenye kochi la kijani chini ya hema, na shada la maua limemfunika mpaka kidevuni. Mimi nilikuwa upande wa jua. Bendi ya polisi ilipiga wimbo wa taifa, kisha wimbo wa Wizara, kisha wimbo wa kochi. Waziri akakisifu kitabu kwa uzito wake, kwa ubora wa gundi yake, na kwa jinsi kinavyosimama wima bila kuegemezwa.

Ndipo Mlezi akavaa miwani na kuanza kusoma kwa sauti, taifa zima likifuata kwa kidole.

Mambo yenyewe ni haya. Mkunga, Bi Sikudhani, anaitwa ng'ambo ya mto uliofurika. Anauvuka kwa miguu, vifaa vyake kavifunga kichwani. Ukurasa wa tisa anaingia uani kwa mzazi, nguo zinachuruzika maji, na watu waliojaa pale wanasimama. Wanasimama tu, wenyewe. Naye anapita katikati yao, anausukuma mlango wa chumba, anaona

Na hapo ukurasa unakwisha.

Mlezi akautazama ukurasa ule muda mrefu. Akaurudia kimoyomoyo, tukimwona midomo. Kisha akafunga kitabu, akavua miwani.

"Nimefurahi," akasema. "Tutaendelea."

Makofi yakapigwa, watu wakaenda makwao wakiwa wameuzuia kwa kidole ukurasa wa kumi. Wakangoja. Mlezi hakuendelea. Wiki hiyo hakuendelea, mwezi huo hakuendelea. Na kwa kuwa hakuna kumtangulia Mlezi, taifa zima likabaki limesimama nje ya mlango.

*

Wizara haikulala. Iliagiza stepla kutoka nje, shehena nzima, na kila kitabu nchini kikabanwa pini kuanzia ukurasa wa kumi hadi mwisho. Mabalozi wa nyumba kumi wakapewa kazi ya ukaguzi. Shuleni, mtihani ulikuja na swali moja: "Fafanua umuhimu wa mlango katika ukurasa wa tisa." Chuo Kikuu kiliitisha kongamano, na wasomi wakagombana mpaka viti vikarushwa, kwa sababu wapo waliosema mkunga aliona mapacha na wapo waliosema aliona nyoka. Waziri akaingilia kati kuokoa amani. "Kwa sasa," akatangaza, "msimamo wa serikali ni kwamba mkunga aliona maendeleo."

Kwangu alikuwa anapita balozi wetu, Bi Mwanahawa, stepla imening'inia shingoni kwa kamba.

"Hodi! Ukaguzi wa kurasa."

"Karibu, balozi."

"Toa kitabu, baba. Mh! Hii pini mbona imelegea?"

"Kutu hiyo."

"Kutu gani ya pini mpya? Umechungulia!"

"Nichungulie nini kwenye kitabu cha Siwatu?"

"Makubwa! Hebu uone huo mdomo ulivyokubenuka. Wivu utakuua, Ngwali."

"Wivu? Mimi? Mimi ningemwonea wivu kama angekuwa ameandika kitu."

Akabana pini nyingine, ta! Kisha akageuka kutazama mlangoni, akavuta kigoda karibu yangu, na sauti ikashuka.

"Baba, wewe mtu wa makaratasi. Hivi kule ndani aliona nini?"

"Sijui."

"Neno moja tu, mwanangu. Tangu nimeanza kubana haya madude sipati usingizi."

"Wewe si ndiye mwenye stepla?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Nikamwambia sijui, naye akaondoka amenuna. Lakini nilijua. Nilijua ukurasa wa kumi, na wa mia, na wa mwisho. Siwatu alinipa mswada wake tukiwa bado vijana, kabla hata haujapigwa chapa, nikausoma wote kwa mfululizo, na mimi kitu kikishaniingia kichwani hakitoki. Hicho ndicho kilichokuwa kinanitafuna. Kichwa changu, nilichokilisha mwenyewe kwa magazeti ya vitumbua, kilikuwa kimebeba kitabu cha mtu mwingine, neno kwa neno, na cha kwangu mwenyewe nilikuwa nakipotezapoteza baada ya sura ya pili.

*

Nilikwenda kumtembelea. Si kwa wivu, kwa ujirani tu. Mtaa wake ulikuwa umepewa jina la kitabu, na mlangoni kwake kulikuwa na askari wa kumlinda dhidi ya wasomaji. Nilimkuta jikoni anamenya viazi, kakonda.

"Ngwali, ndugu yangu! Wewe ndiye mtu wa kwanza kuja kwangu bila kuomba saini kwenye ukurasa wa tisa."

"Hongera, Siwatu. Nchi nzima inakutaja."

"Inautaja mlango." Akatupa kiazi kwenye maji. "Miaka yote ile niliandika kitabu kizima. Sasa nimekuwa mwandishi wa mlango."

"Mimi sina hata mlango."

Akacheka, kisha akaacha. "Nimemwomba Waziri. Nimemwomba waruhusu kurasa kumi zaidi, tano, moja. Ananiambia mama tulia, umeshashinda. Juzi mwanamke mmoja kanishika mkono sokoni, analia, ananiuliza yule mzazi alipona? Na hapo nina askari ubavuni. Nimemwambia nimesahau." Akanitazama. "Wewe ulisoma mswada. Hukuniambia kitu. Mwisho wake uliuonaje?"

Hapo ndipo mtu mwema angesema. Mimi nikatazama viazi.

"Ni zamani," nikasema. "Sikumbuki."

Akachukua kiazi kingine. Nilipofika barabarani nikaona kibao kipya cha mtaa kinang'aa jina la kitabu chake, na nikamwonea wivu hata kwa huzuni yake. Huzuni yake ilikuwa na askari wa serikali mlangoni. Ya kwangu ilikuwa haina hata kitasa.

*

Ndipo Wizara ikaandaa Mashindano ya Taifa ya Kukariri Ukurasa wa Tisa. Nikajiandikisha. Mpango wangu ulikuwa safi. Ningekariri ukurasa wao vizuri, na kipaza sauti kikiwa bado mkononi ningeingia moja kwa moja kwenye Dhoruba ya Wanyonge, pale shujaa anapohutubia siku ya harusi yake juu ya bei ya pamba. Wangenikamata. Magazeti yangeandika. Hatimaye watu wangetaka kujua huyu Ngwali ameandika nini.

Siku ikafika. Uwanja umefurika. Siwatu yuko kwenye kochi lake, Waziri pembeni. Walinitangulia wengi, kila mmoja akafika mlangoni na kupigiwa makofi. Zamu yangu ikaja. Nilianza polepole. Nikaufurisha mto. Nikamvusha mkunga. Nikawasimamisha wale watu uani. Nikausukuma mlango.

"Anaona..."

Na hapo nikavuta pumzi ili niingize pamba yangu.

Sijui niwaelezeje. Nimesimama juu ya mapipa maisha yangu yote, nimehutubia vituo vya mabasi, misiba na foleni za sukari, na siku zote mbele yangu palikuwa na mtu anakohoa, mtu anatafuna, mtu anaangalia saa. Siku ile uwanja mzima haukupumua. Akina mama walikuwa wamefunika midomo kwa khanga. Bi Mwanahawa alikuwa mstari wa mbele, stepla kaikumbatia kifuani. Nikafungua kinywa kuwapa bei ya pamba. Kinywa kikakataa.

"Anaona Jumbe wa kijiji ameketi kwenye ukingo wa kitanda," nikasema, "anamsubiri mtoto azaliwe, ampe jina."

Ukasikika mguno, kama wa mtu mmoja mkubwa. Nikaendelea. Nikawaambia jinsi Jumbe yule alivyoamuru kila mtoto wa bonde aitwe jina lake yeye, hata jioni mama mmoja akiita, watoto wa bonde zima wanamjia. Nikawaambia mkunga alisimama mlangoni na kusema: "Jumbe, toka. Hiki chumba ni cha watu wawili na nusu." Watu wakacheka, wakalia, wakanisihi niongeze. Nilikuwa nimeingia ukurasa wa kumi na mbili askari waliponifikia.

Nikiburutwa nilimwona Siwatu kasimama juu ya kochi, maua yamemwagika chini, kafunika uso kwa viganja. Sikujua analia au anacheka. Mimi nilifurahi sana. Kukamatwa! Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu mwaka wa mgomo.

Mashtaka yalisomwa: kumtangulia Mlezi kwa kurasa tatu, hadharani, bila kibali. Kesho yake nikaomba gazeti. Kichwa cha habari kilikuwa kikubwa. Kilisema: SHABIKI WA BI SIWATU ATIWA MBARONI.

Shabiki!

*

Gerezani nilipokewa na nyapara wa chumba chetu, mwizi wa betri za magari aliyeitwa Pazi.

"Ndiye wewe mzee wa ukurasa wa kumi?"

"Mimi ni mwandishi wa Dhoruba ya Wa..."

"Mpisheni mzee, mpeni mkeka ulio mzima! Haya, kaa. Jumbe katoka chumbani au hajatoka?"

Wakakaa kunizunguka. Nikawasimulia. Mchana baada ya kazi ya shamba, nikawasimulia. Jumbe katoka, lakini karudi na walinzi. Mkunga kafunga mlango kwa kitanda. Uchungu wa mzazi umesimama. Kila nilipotua wakanililia, na kila walipotulia nikajaribu, taratibu, kuwachomekea cha kwangu.

"Wakati huohuo," nikasema siku moja, "katika kijiji cha jirani kulikuwa na kijana mwanaharakati aliyekuwa anafunga ndoa, akasimama kuhutubia..."

"Eeh, mzee!" Pazi akadakia. "Huyu ametokea wapi?"

"Msikilize tu, ana hoja."

"Hoja akamweleze bibi harusi. Sisi kuna mtu anajifungua huku!"

Chumba kizima kikaniunga mkono kwa kelele, yaani kikamwunga mkono Pazi. Nikarudi kwa mkunga. Wafungwa wapya wakaanza kumiminika. Huyu kang'oa pini mbele ya kituo cha polisi, yule kamfuata balozi wake akamwambia nimechungulia, nikamate. Bi Mwanahawa mwenyewe aliletwa upande wa wanawake. Alibana pini kwenye kofia ya afisa wa Wizara, kofia ikiwa kichwani, na alipoulizwa sababu alisema alitaka kufungwa mahali wanaposimulia. Upande ule walikuwa wanapokezana hadithi yangu kupitia dirisha la jiko. Hadithi yangu, nasema. Mnaona jinsi ulimi unavyoteleza.

*

Tulipobakiza sehemu ya mwisho, Waziri akaja. Nikaitwa ofisi ya mkuu wa gereza. Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi alikuwa amekaa mwenyewe, bila bendi.

"Mzee Ngwali, serikali yako imekusamehe."

"Imenisamehe nini?"

"Tusiingie huko." Akafuta jasho. "Gereza limejaa. Wasomaji wanalala jikoni. Unatoka leo, kimyakimya, na hadithi hiyo hutaitaja tena. Na ili ujue hatuna kinyongo, tamasha la mwakani riwaya itakuwa ya kwako. Ile ya dhoruba. Taifa zima."

Nikakaa bila kuambiwa.

"Yenye jalada?"

"Jalada la kijani. Na kochi."

"Itasomwa mpaka ukurasa wa ngapi?"

Akatazama dari. "Mpaka atakapofika Mtukufu Mlezi."

"Mheshimiwa, nikuulize. Kwa nini Mtukufu haendelei?"

Waziri aliinuka, akaufunga mlango, akaninamia. Alinuka hofu na marashi. "Kila asubuhi anausoma uleule wa tisa. Pale wale watu wanaposimama. Ananiita ananiuliza: Litunu, nani aliwapa ishara? Namwambia Mtukufu, ni hadithi tu. Anasema haiwezekani, lazima yupo aliyewapa ishara, mtafuteni. Anamwonea wivu mkunga, mzee wangu. Mkunga wa kwenye karatasi!"

Nilitaka kucheka. Sikucheka. Nilimwelewa yule mtu mkubwa kuliko nilivyopenda kumwelewa.

"Nipe nafasi nikaage wenzangu," nikasema.

Chumbani habari ilikuwa imeshafika. Walikuwa wamenifungia kifurushi changu. Pazi alinikumbatia.

"Nenda, mzee, nenda kapumzike. Usitujali. Mimi nimeshaishika, nitawamalizia mwenyewe."

"Utawamalizia nini?"

"Si mkunga? Anachukua panga, anamkata Jumbe, basi, furaha. Nitaongeza na risasi kidogo."

"Risasi!"

"Watu wanapenda risasi."

Niliwaza jalada la kijani. Niliwaza kochi. Kisha nikamtazama Pazi, mwizi wa betri, akikohoa kuweka sauti yake sawa, na watu, watu wangu, wameanza kumgeukia.

"Toka hapo!" nikasema. "Mkeka huo ni wangu."

"Mzee, gari la Waziri linakungoja."

"Lingoje!"

Nikakaa. Nikasimulia mwisho, kama ulivyoandikwa, bila kuongeza hata nukta. Mtoto akazaliwa. Mkunga akamtoa uani, akampa Jumbe mikononi. "Haya, mwite jina," akamwambia. "Ita kwa nguvu, bonde lisikie." Na Jumbe, kwa fahari, akaita jina lake mwenyewe. Bonde zima likaitika. Watoto wakatoka kwenye matete, wakatoka mtoni, wakatoka mashambani, mamia kwa mamia, kila mmoja kaitwa, kila mmoja anauliza: baba, umetuitia chakula? Wakajaa uani, wakamshika kanzu. Jumbe akamrudisha mtoto, akarudi nyuma, akarudi nyuma tena, akakimbilia ng'ambo ya mto na hajaonekana. Ndipo mama mtu akamvuta mwanawe kifuani akamwambia jina lake, kwa sauti ndogo, akalisikia mkunga peke yake.

Mtu mmoja alikuwa anavuta makamasi. Nje honi ya Waziri ilipigwa, ikapigwa tena, kisha gari likawaka na kuondoka na kochi langu.

Pazi akajifuta uso kwa mkono wa shati la gereza. "Mzee Ngwali," akasema, "huyo mama wa kwenye kochi sisi hatumjui. Hajawahi kulala hapa. Tumekubaliana sote: kuanzia leo hiki ni kitabu chako. Tutakiita cha Ngwali, na atakayetoka ataenda kukisema nje hivyohivyo, cha Ngwali."

Walikuwa wananitazama wote. Nililionja hilo neno, cha Ngwali, muda mrefu kuliko inavyomstahili mtu mkweli.

"Ni cha Siwatu Mng'anzi," nikasema.

Jina hilo lilitoka kama jino linavyotoka. Kisha nikalirudia kwa sauti kubwa, maana wale wa kona ya mbali walikuwa hawajasikia.